Mfadhili wa Australia anataka kumlipia mmoja, na nyumbani wako watatu

Fundi_wa_Majengo aliandika:

Wakuu habari za humu. Wenye uzoefu na mambo ya watoto wa kufadhiliwa naomba mawazo yenu. Mchungaji anataka jibu kabla shule hazijafunguliwa Januari, na mimi na mke wangu tumeshindwa kuelewana.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Majengo hapa Dodoma mjini, naishi Nkuhungu. Nalea watoto watatu wa marehemu dada yangu pamoja na wangu wawili. Baba yao ndiye alitangulia, dada akafuata. Mkubwa ni binti, kamaliza la saba mwaka huu. Wa kati ni wa kiume, yuko la tano. Kitindamimba yuko la pili, na tukienda Mvumi kwa bibi yake lazima alale naye, ukimtoa pale ni kilio.

Binti anaimba kwaya ya watoto kanisani kwetu, sisi ni Waanglikana. Mwezi wa saba walikuja wageni kutoka Australia, kanisa lao lina urafiki na letu. Wakamsikia anaimba, wakaongea naye mwinjilisti akitafsiri, wakaambiwa ni yatima. Juzi mchungaji kaniita: mama mmoja wa wale wageni na mumewe wanataka kumlipia ada shule ya bweni ya wasichana, ya kanisa, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Wanachoomba wao ni ripoti ya shule, picha, na barua ya binti mara mbili kwa mwaka. Na akue katika imani, asome Biblia vizuri. Hilo wameliandika kabisa.

Mtaniuliza sasa tatizo liko wapi. Binti kafaulu, ila alama hazikufika za Msalato, ile ya serikali ya wasichana wenye vipaji, amepangiwa sekondari ya kata, ya kutwa. Elimu bila ada ipo tangu 2016 na namshukuru Mungu, lakini sare hazijishoni (nazishona mimi, Januari ndiyo msimu wangu), na madaftari, viatu, chakula cha mchana, vyote vinatoka mfukoni kwangu. Nikipiga hesabu, ada ya mwaka mmoja ya hiyo bweni ingewavalisha na kuwalisha mchana wote watatu na chenji ikabaki. Mke wangu anasema tuwaambie hao wazungu hela igawanywe. Mchungaji anasema ukianza kumpangia mfadhili, unampoteza.

Halafu kuna huyu wa kati. Siku aliyosikia habari hakusema kitu. Jioni naenda uani namkuta nyuma ya bafu anafanya mazoezi ya ule wimbo wa kwaya, peke yake. Hana sauti kabisa, Mungu anisamehe.

Kuna na fomu ya wafadhili ya kujaza. Ukurasa wa pili unauliza wazazi walikufa kwa ugonjwa gani. Nimeitia kwenye droo ya cherehani, haijaguswa.

La mwisho: baba yao alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu. Ndugu zake hawajawakana watoto, baba mdogo wao huja kila Idi na hakosi kitu mkononi. Sijamwambia.

Nikubali? Niombe igawanywe? Na wakichoka binti akiwa kidato cha pili nitamweka wapi?

Sele_Nzuguni alijibu:

Kubali kesho asubuhi. Maswali utauliza akiwa kidato cha tatu.

Nesi_wa_Bahi alijibu:

Kaka pole na majukumu. Mimi ni zao la ufadhili, nimefadhiliwa kwenye kituo cha huduma ya mtoto kilichokuwa chini ya kanisa letu kijijini, tangu sijaanza darasa la kwanza mpaka nikasomea uuguzi. Kwa hiyo nisiwe mnafiki, bila mfadhili leo ningekuwa napalilia uwele wa watu.

Ila lile la kijana wako nyuma ya bafu limenigusa, ngoja nikueleze la kwetu.

Jumamosi tulikuwa kituoni kutwa nzima. Uji, mstari wa Biblia wa kukariri, kupimwa uzito, mpira, na ikifika zamu, barua. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni: "Mpendwa mfadhili, mimi sijambo, natumaini nawe hujambo. Huku kwetu mvua zinanyesha." Tunanakili wote. Nadhani Marekani nzima ilijua Bahi mvua zinanyesha, na mwaka huo tulikuwa tunakula chakula cha msaada kwa ukame! Mfadhili wangu, mama mtu mzima mjane, aliniuliza barua tatu mfululizo jina la mdogo wangu, na mimi namjibu mvua.

Mwaka mmoja akatuma zawadi ya familia. Kituo kikatununulia mbuzi jike wawili mnadani. Nikavalishwa gauni la Krismasi nipigwe picha na mbuzi. Mbuzi mwenyewe mkorofi, hakai. Ikabidi kaka yangu asimame pembeni avute kamba. Ile picha ninayo mpaka leo: kamba inaonekana imekazwa, aliyeishika haonekani. Na huyo ndiye aliyewachunga mbuzi hao mpaka wakazaa, yeye aliyekosa kuandikishwa kwa sababu kituo kilipofunguliwa umri ulishampita.

Hakunichukia, sisemi hivyo. Lakini mpaka nafika sekondari alikuwa akinitania "mtoto wa wazungu", na si kila mara ilikuwa utani.

Nilipojua kuandika vya kutosha nikaacha kunakili ubao. Nikamtaja kaka kila barua, anafanya nini, anaumwa nini. Yule mama akaanza kumsalimia kwa jina. Hela hakumtumia, utaratibu wa kituo haukuruhusu, ila salamu zilimfikia na akawa anaziulizia, "barua imekuja?" Barua ya binti yako iwe ya binti yako. Asiandikiwe. Na wadogo zake wawemo tangu ya kwanza.

Mwalimu_UDOM alijibu:

Naongezea upande wa utafiti, kwa ufupi. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha kazi waliyoifanya nchi sita, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda (Tanzania haikuwemo). Waliwafuatilia watu zaidi ya elfu kumi waliokuwa tayari watu wazima, waliofadhiliwa utotoni na Compassion, shirika la Kikristo la kufadhili watoto, pamoja na wasiofadhiliwa. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi, na uwezekano wa kumaliza sekondari ulipanda kwa pointi za asilimia kumi na kitu.

Dada Nesi ataona jambo hapa: namna mojawapo ya kulinganisha ilikuwa kumpima aliyefadhiliwa na ndugu zake wa tumbo moja waliokuwa wamevuka umri wa kuandikishwa programu ilipofika kijijini. Yaani kaka yake mwenye kamba, kwenye utafiti ule yeye ndiye kipimo.

Mkuu Fundi, usizibebe namba hizo moja kwa moja. Pale mtoto alibaki nyumbani kwao na kituo kikawa cha jirani, miaka na miaka. Wewe unaongelea watu wawili na ada ya bweni. Ukiwa na wafadhili wawili, mmoja akiugua, ufadhili nao umeugua.

Bursa_Mstaafu alijibu:

Fundi, shikamoo siipokei maana sijui umri wako, lakini mimi ni mzee, nimekaa ofisi ya uhasibu ya shule za bweni mpaka nimestaafu. Nimepokea hela za wafadhili kutoka kila upande wa dunia na nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya hela hizo hizo kukatika. Nisikilize taratibu.

Kwanza mchungaji wako asikutishe. Watu wa kanisa la Australia na sisi wa Dodoma hatukukutana jana. Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, George Chambers, aliwekwa wakfu 1927 akitokea huko huko, na tangu hapo walimu, wauguzi na wachungaji wao wamepishana hapa kizazi hadi kizazi. Mimi nilisoma Mazengo, pale ambapo leo ni Chuo Kikuu cha St John's, nikazijua shule za misheni kabla sijazifanyia kazi. Hawa ni watu wa kuandikiana. Ukiwaeleza jambo kwa adabu na hesabu iliyonyooka wanalisoma, wanalijibu. Wanachokimbia ni kuombwaombwa kila wiki na kuzungushwa.

Pili, mkeo ana hoja lakini njia yake siyo. Usiombe ada igawanywe. Hela ya ada inakwenda shuleni na risiti inatoka, kila mtu anaiona. Hela ya "kuwasaidia watoto nyumbani" itapita kwa mwinjilisti, kwa mchungaji, kwako, na mwaka haujaisha kutakuwa na maneno. Nimeyaona.

Omba jambo jingine: wamlipie huyo mmoja KAMILI. Wao wamesema ada. Wewe ulishawahi kuona fomu ya kujiunga ya shule ya bweni? Godoro, shuka, chandarua, ndoo, tranka, sare pea mbili, sare ya michezo, viatu, rimu za karatasi, Biblia na kitabu cha nyimbo, taulo za kike, bima ya afya, nauli ya kwenda na kurudi kila likizo, hela kidogo ya matumizi anayoachiwa matron. Kidato cha pili na cha nne kuna gharama za mitihani ya taifa. Hivyo vyote vikibaki kwako, utajikuta unatumia kwa binti mwenye mfadhili kuliko unavyotumia kwa wadogo zake wasio naye. Hapo ndipo chuki inapozaliwa nyumbani, mzazi anakopa ili "mwenye bahati" asiaibike bweni.

Kaa na fomu ya kujiunga, andika kila kitu na bei yake ya hapa Dodoma, sare usiziweke kwa sababu utashona mwenyewe (waambie hivyo, huo ni mchango wako na wauone), jumla wapelekee. Wakikubali, ulichokuwa umemtengea binti kwa sekondari ya kata kinabaki mfukoni kwa wale wawili. Ndiyo kugawana kwenyewe, bila mfadhili kupangiwa.

Tatu, kukatika. Omba wakubali mambo mawili kwa maandishi: walipe kwa mwaka na si kwa muhula, na wakitaka kuacha wakutaarifu kabla ya mwaka ule kuisha. Mtoto aliyelipiwa mwaka mzima anapata muda wa kuhama kwa utulivu. Aliyelipiwa muhula anaitwa kwenye paredi pamoja na wadaiwa. Kuhama kutoka shule binafsi kwenda ya serikali kuna taratibu zake, kaulize ofisi ya elimu sekondari ya jiji sasa hivi, usingoje yakufike.

Na hela iingie akaunti ya shule tu. Siyo ya mtu, hata awe amevaa kola.

Sele_Nzuguni alijibu:

Mzee hapo kwenye kola umemaliza 😂

Ustawi_Kati alijibu:

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, sitaji wilaya. Naongelea fomu na mtoto.

Ile sehemu ya ugonjwa wa wazazi usiijaze. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo. Andika "wazazi wote wawili wamefariki", inatosha kabisa kumlipia mtu ada. Wanaotunga fomu hizi mara nyingi hawana nia mbaya, wanataka hadithi ya kusoma kanisani kwao. Lakini binti huyo atakuja kuwa mtu mzima, na karatasi ile itakuwa bado ipo kwenye faili la watu asiowajua. Vivyo hivyo picha: shuleni amevaa sare, sawa. Kwenye kaburi la mama yake, hapana. Nasema kwa sababu niliwahi kuona ikiombwa.

Ufadhili haumpi mtu ulezi. Mlezi ni wewe, na ridhaa ya kusafiri, matibabu, kuhama shule ni yako. Mawasiliano yapite shuleni au kanisani, si mfadhili na mtoto kwenye simu usiku. Mkiweka utaratibu huo mapema, wafadhili wema wanaufurahia.

Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye jambo linalomhusu. Nimesoma uzi wote huu: mchungaji kasema, mkeo kasema, wageni wamesema. Binti hajasema.

Kama kuna anayewaza "basi na yule wa la pili naye apelekwe bweni siku moja", asahau kwanza. Tangu Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka la nne, labda kwa kibali maalumu. Umri ule ni wa nyumbani.

Mrangi_Asilia alijibu:

Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, nimesoma shule ya masista, na nilikuwa nafunga Ramadhani humo humo na wananiwekea daku. Kwetu ukoo mmoja unakuta Ramadhani na Yohana wanakula sinia moja. Kwa hiyo usidhani baba mdogo atachukia Biblia. Watoto mmekuwa nao ninyi, wanaenda kanisani miaka yote, anajua hilo na bado anakuja Idi.

Atakachochukia ni kusikia kwa watu. Huyo ndiye baba sasa, kwa mila zetu na za Wagogo pia. Mtoto wa kaka yake anahamishwa nyumbani, anawekwa kwenye shule yenye sharti la dini, hela inatoka ng'ambo, halafu aje asikie stendi? Mpigie leo. Na usimpe taarifa, muulize. Kuna tofauti.

Fundi_wa_Majengo aliandika:

Wakuu, nimechelewa kurudi, kazi za sare zimeanza. Asanteni sana, uzi huu nimemsomea mke wangu wote isipokuwa pale Mzee Bursa anaposema njia yake siyo. Hapo nimepita kwa ufundi.

Binti nilimuuliza, tulikuwa wawili tu kibandani, anatoa nyuzi mimi nashona. Alishajua kila kitu, watoto wa siku hizi. Akasema ataenda. Akauliza kama huko kuna maabara ya kweli, maana mwenzake wa kwaya aliyetangulia kamwambia ipo. Halafu akasema barua ataandika mwenyewe, mwinjilisti asimsaidie. Kumbe ameshaanza, nyuma ya daftari la hisabati:

"Mimi nina wadogo wawili. Mmoja anajua kutengeneza redio lakini hajui kuimba. Mwingine anaogopa bata. Mjomba anashona na shangazi anauza karanga. Kwetu mvua bado."

Sijabadili kitu. Mke wangu kacheka kwenye bata, lakini bado anashikilia kwamba watatu wangesoma vizuri kwa hela ile. Sikatai, hesabu yake ni sahihi. Tumekubaliana tu kwamba hela siyo yetu na shule ni ya binti.

Baba mdogo nilimpigia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Akaniuliza kama shule inaruhusu mtoto kurudi nyumbani Idi ikiangukia ndani ya muhula. Nikamwambia nitauliza. Akasema basi ukiuliza niambie, na tranka nunua lenye komeo la chuma, ya bati laini yanavunjwa, nitachangia. Mrangi_Asilia, nakudai soda, au wewe unanidai, sijui.

Fomu nimeijaza kama afisa ustawi alivyoelekeza. Mchungaji alipofika ukurasa wa pili akaniangalia, nikamwangalia, akageuza. Orodha ya gharama naye kaipokea, ingawa kaguna kwenye jumla. Inatumwa kwa barua pepe Jumatatu pamoja na barua ya binti. Wakikataa yale ya ziada, tutakaa tena, na nafasi ya sekondari ya kata sijaiachia. Nimeshona na sketi ya huko pia, kitambaa kilikuwepo.

Wa kati nimempa redio mbovu ya kibandani aifungue. Tangu hapo wimbo hajaimba, na redio nayo haijaimba.

Mzee Bursa, moja tu la mwisho: fomu ya kujiunga inasema "godoro dogo" basi, haitaji vipimo. Ninunue la futi ngapi?

Bursa_Mstaafu alijibu:

Mbili na nusu kwa sita. La futi tatu halikai, vitanda vya bweni ni vya deka na vina kingo. Mtoto akifika nalo atalikunja upande mmoja, usiku linamsukuma ukutani. Na andika jina lake kwenye godoro lenyewe kwa wino usiofutika, siyo kwenye foronya, foronya zinabadilishwa wiki ya kwanza tu.